Leza kwa Ngozi ya Uso na Shingo Iliyoharibiwa na Jua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamepangwa kuanzia ya mtu aliyesikia habari za leza jana hadi ya mtu aliyekwisha kutibiwa na sasa kuna jambo linamtatiza. Si lazima uyasome yote kwa mfuatano. Lakini kama ngozi yako ni ya kahawia au nyeusi, au kama unataka kutibu shingo, usiruke sehemu hizo mbili, maana huko ndiko kwenye makosa mengi.

## Mambo ya msingi

Leza hii inafanya nini hasa kwenye ngozi?

Inaijeruhi kwa makusudi na kwa kipimo. Mwanga wake hunyonywa na maji yaliyomo ndani ya seli, maji hayo huchemka ghafla, na sehemu iliyopigwa ama hugeuka mvuke ama huiva kwa joto, kwa kina kinachopimwa kwa sehemu ndogo za milimita. Mwili huitikia kama unavyoitikia kidonda chochote: juu hutandaza tabaka jipya, na chini huanza kusuka kolajeni mpya, ile protini inayoipa ngozi uimara.

Kwa maneno mengine, mashine inaanzisha kazi na mwili wako unaimalizia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu uponyaji: sigara, jua, na vidole visivyotulia vinaweza kuharibu kazi ya daktari hodari kuliko wote.

Nitajuaje kwamba ni jua na si umri tu?

Kunja mkono, uangalie ngozi ya upande wake wa ndani, karibu na kwapa. Ngozi hiyo ina umri uleule wa ngozi ya uso wako. Tofauti unayoiona kati ya hizo mbili, ya rangi, ulaini na mikunjo, kwa sehemu kubwa ni kazi ya jua.

Miale ya jua iitwayo UVB huunguza tabaka la juu. Ya UVA hupenya hadi tabaka la ndani na kuamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, polepole, bila maumivu yoyote. UVA hupita pia kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. Madereva wa miaka mingi wakati mwingine huonyesha mikunjo na madoa zaidi upande mmoja wa uso, ule wa dirishani. Kwenye ngozi nyeupe uharibifu huu huonekana mapema kama mikunjo, madoa ya kahawia, vishipa vyekundu na ngozi iliyokunjamana yenye umanjano. Kwenye ngozi nyeusi melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, hutoa kinga kubwa, hivyo mikunjo hukawia, na kinachotangulia ni rangi isiyo sawa na ngozi kukosa ulaini wake.

Je, hii si njia nyingine ya kujichubua?

Hapana. Krimu za kujichubua zinataka kubadilisha rangi ya ngozi nzima. Leza ya aina hii inaondoa uharibifu, na ikifanikiwa unabaki na rangi yako ya asili, ila iliyo sawa zaidi. Anayekuahidi "kukupandisha rangi" kwa leza hii ama haielewi mashine yake ama anakuuzia kitu kingine.

Kuna aina gani za leza?

Uliza mambo mawili. Kwanza, leza hii inaondoa tabaka la juu la ngozi au inaliacha? Pili, inapiga eneo lote au inaacha nafasi katikati?

Kati ya zinazoondoa tabaka, mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Leza ya kaboni dioksidi, yenye wimbi la nanomita 10,600, huondoa ngozi na pia hueneza joto chini yake; joto hilo huvuta ngozi ikakaza, na pia huziba vishipa vya damu. Leza ya erbiamu, ya nanomita 2,940, hunyonywa na maji kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hukwangua kwa usahihi bila kuacha joto jingi. Ngozi hupona haraka zaidi, lakini kutokwa na damu kidogo ni kawaida na mkazo wa ngozi huwa mdogo ikilinganishwa na kaboni dioksidi.

Zamani leza hizi zilipigwa uso mzima bila kuacha nafasi. Matokeo yalikuwa makubwa, na mateso vilevile. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ulioeleza mbinu ya kugawa mwanga katika nukta nyingi ndogo sana, kila moja ikijeruhi nguzo nyembamba ya ngozi na kuacha ngozi nzima kati yake na jirani yake. Ngozi hiyo iliyosalia ndiyo inayoziba majeraha kwa haraka. Hapa tutaiita leza ya vitundu, na ndiyo watu wengi wanayopewa siku hizi.

Kuna pia leza ya vitundu isiyoondoa tabaka la juu: huunguza nguzo ndogo za ngozi zikiwa palepale chini. Wimbi la nanomita 1,550 huenda ndani zaidi na hutumika kwa mikunjo midogo na ngozi isiyo laini. La 1,927, la thuliamu, hubaki juu na hufaa zaidi kwa madoa ya kahawia. Daktari akikwambia "tutapiga leza" bila kusema ipi, bado hajakwambia kitu.

IPL nayo ni leza?

Hapana. Ni taa yenye mwanga mkali wa mawimbi mchanganyiko. Inasaidia wekundu na madoa ya kahawia kwenye ngozi nyeupe, lakini kwa mikunjo haina nguvu. Kwenye ngozi nyeusi mwanga wake hukamatwa na melanini ya kawaida na huunguza kwa urahisi.

Nitahitaji kupigwa mara ngapi?

Leza ya vitundu isiyoondoa tabaka huhitaji vipindi 3 hadi 5, kwa kawaida vikiachana wiki 4 au zaidi. Ile ya vitundu inayoondoa tabaka, kipindi 1 hadi 3. Ya uso mzima bila nafasi hufanywa mara moja, na hurudiwa kwa nadra.

Nitarajie mabadiliko gani?

Madoa ya jua, ngozi isiyo laini na mikunjo midogo ya kuzunguka macho na mdomo ndiyo yanayoitikia vizuri. Mikunjo mirefu hupungua kina lakini haifutiki. Ngozi inayoning'inia chini ya kidevu ni suala la upasuaji, na leza haitaibeba hata ipigwe mara ngapi.

Usitoe hukumu mapema. Kolajeni huendelea kujengwa kwa miezi 3 hadi 6, na wakati mwingine zaidi. Wiki ya tatu unachokiona kwenye kioo ni uvimbe na wekundu uliobaki, wala si matokeo. Baada ya hapo mabadiliko yanaweza kudumu miaka, kwa sharti la kujikinga na jua. Ukirudia maisha ya zamani, madoa nayo yatarudi.

Krimu haziwezi kufanya kazi hiyohiyo?

Kwa uharibifu mdogo, mara nyingi zinaweza kufanya sehemu kubwa. Tretinoini, inayoandikwa na daktari, imethibitishwa kupunguza mikunjo midogo na madoa ya jua ikitumika kwa miezi kadhaa mfululizo. Mtu ambaye hajawahi kupaka krimu ya kuzuia jua kila siku wala kujaribu tretinoini, kwa maoni yangu hana haraka ya leza. Aanze na hizo kwa miezi 6. Kama atabaki na shida, atakuwa ameiandaa ngozi yake vizuri zaidi kwa leza.

## Je, inanifaa?

Ngozi yangu ni nyeusi. Leza itaniachia madoa?

Inaweza, na mtu yeyote anayesema haiwezekani mkimbie. Ngozi yenye melanini nyingi huitikia joto na majeraha kwa kutengeneza melanini zaidi. Matokeo yake ni weusi unaojitokeza mahali palipopigwa, mara nyingi wiki 3 au 4 baadaye, wakati mtu amekwisha kushangilia kwamba amepona.

Madaktari hutumia mizani iliyoanzishwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, ambayo leo ina aina 6 za ngozi kulingana na jinsi inavyoungua na kubadilika rangi juani. Aina ya 4 hadi ya 6, yaani ngozi ya kahawia hadi nyeusi, hazikatazwi leza, ila kanuni hubadilika. Leza isiyoondoa tabaka hupewa nafasi ya kwanza. Vitundu vinakuwa vichache kwa kila eneo, vipindi vinaachana zaidi, na ngozi inapozwa wakati wote wa kazi. Kabla ya yote hayo hujaribiwa eneo dogo, kwa mfano nyuma ya sikio au chini ya taya, kisha mnasubiri wiki kadhaa kuona ngozi inasemaje. Kliniki inayotaka kukupiga uso mzima siku hiyohiyo uliyoingia mlangoni inafanya haraka ambayo gharama yake utailipa wewe.

Ipo hatari nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kutibu kitu kisichokuwa jua. Vipele vidogo vyeusi visivyouma, vinavyoota mashavuni na kuongezeka kwa umri, ni vya kawaida kwa watu weusi, havina madhara, na vina tiba yake tofauti. Melasma nayo, yale mabaka mapana ya kahawia mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, ambayo mara nyingi huanza wakati wa ujauzito au kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, huchochewa na jua lakini si doa la jua la kawaida. Joto la leza linaweza kuizidisha. Kama hujui mabaka yako ni ya aina gani, tatizo lako kwa sasa ni utambuzi; leza itafuata baadaye, kama itahitajika.

Nani hapaswi kufanyiwa, au asubiri kwanza?

Mwenye chunusi zilizowaka, maambukizi au malengelenge usoni asubiri hadi apone. Aliyeunguzwa na jua au kubadilika rangi wiki za karibuni asubiri ngozi irudi. Mjamzito asubiri: hii ni tiba ya hiari na haina haja ya kukimbizwa.

Mwenye historia ya keloidi (makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha) anahitaji mazungumzo ya kina, na kwa leza inayoondoa tabaka jibu mara nyingi huwa hapana. Magonjwa yanayoibuka mahali ngozi ilipojeruhiwa, kama vitiligo na soriasisi, yanaweza kuamshwa na leza. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kope za chini aseme mapema, kwa sababu ngozi ikikaza pale kope inaweza kuvutwa nje. Wanaotumia isotretinoini (vidonge vya chunusi kali) wasome sehemu ya maandalizi, na waliotibiwa kwa mionzi wasome sehemu ya mwisho.

Kwa nini daktari anakagua kila doa kabla ya kukubali?

Kwa sababu si kila doa la jua ni doa la jua. Mabaka yanayokwaruza kama msasa, hasa kwenye ngozi nyeupe, yanaweza kuwa hatua ya awali ya saratani. Aina moja ya melanoma, saratani hatari ya ngozi, inayoanza juu juu usoni huonekana kabisa kama doa la kahawia la uzeeni. Ukilipiga leza, rangi hupotea na ugonjwa hubaki chini ukiendelea, na dalili ambayo ingemwamsha daktari umeifuta kwa mkono wako.

Doa lenye rangi zaidi ya moja, mpaka usio laini, linalokua, linalotoka damu au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, linakatwa kipande na kupimwa maabara. Hapo hakuna mjadala. Na kipande kikionyesha saratani, leza ya urembo husimama mpaka hilo limalizike.

Nimetumia krimu za kujichubua kwa miaka mingi. Naweza kufanyiwa?

Si sasa hivi. Nyingi ya krimu hizo zina steroidi kali, na steroidi hupunguza unene wa ngozi na kuifanya ipone vibaya. Nyingine zina zebaki, ambayo huingia mwilini na kudhuru figo. Mweleze daktari ukweli wote, hata kama krimu haikuwa na maandishi ya maana kwenye kopo. Hakuna atakachokiona ambacho hajakiona kwa wengine. Usiache steroidi kwa ghafla bila msaada wake, kwa kuwa uso unaweza kuwaka, kuwasha na kutoa vipele kwa wiki nyingi. Leza hujadiliwa baada ya ngozi kutulia.

## Kujiandaa

Niitayarishe ngozi vipi?

Krimu ya kuzuia jua kila siku kwa angalau wiki 4 kabla, na usiingie juani kichwa wazi. Acha sigara, nikotini hubana vishipa vinavyopeleka damu kwenye kidonda. Usichane ngozi kwa skrabu wala kung'oa nywele za uso kwa nta siku za karibu. Daktari anaweza kukupa tretinoini au haidrokwinoni (dawa ya kufifisha weusi) kwa wiki kadhaa kabla, kisha akuambie siku ya kuisimamisha. Haidrokwinoni hapa inatolewa kwa kipimo na kwa muda maalumu, jambo lililo tofauti kabisa na kuipaka miaka mitatu bila usimamizi.

Kwa nini napewa dawa ya virusi wakati sina malengelenge?

Virusi vya herpesi vinavyoleta malengelenge mdomoni hulala kwenye neva maisha yote, na watu wengi wanavyo bila kujua. Leza kuzunguka mdomo inaweza kuviamsha, na kwenye uso usio na tabaka la juu vinasambaa na kuacha makovu. Kwa hiyo asiklovia au dawa ya jamii yake huanzwa siku moja kabla au siku ileile, na kuendelea hadi ngozi ijifunge, kwa kawaida siku 7 hadi 14. Ukisahau kumeza, piga simu, usinyamaze.

Je, niache dawa ninazotumia?

Usiache dawa yoyote ya moyo, ya kuzuia damu kuganda, ya kisukari au ya presha kwa uamuzi wako. Ilete orodha yote, na dawa za mitishamba ziwemo.

Isotretinoini, vidonge vya chunusi kali, ina historia yake. Kwa miaka mingi watu waliambiwa wasubiri miezi 6 hadi 12 baada ya kuimaliza. Msimamo huo umelegezwa kwa leza za vitundu zisizoondoa tabaka, lakini kwa leza ya uso mzima inayoondoa tabaka tahadhari bado ipo.

## Siku yenyewe

Inauma kiasi gani?

Inategemea aina. Leza isiyoondoa tabaka huhisiwa kama kuchomwachomwa kwa ncha za moto, na krimu ya ganzi iliyopakwa muda wa kutosha kabla ya kuanza hutosha wengi. Leza ya kina inayoondoa tabaka inahitaji zaidi: sindano za ganzi za kuzima neva za uso, dawa ya usingizi mwepesi, au hata usingizi kamili.

Krimu ya ganzi yenyewe si kitu cha kuchezea. Lidokeini, dawa ya ganzi inayotumika humo, ikipakwa kwa wingi, eneo kubwa, kisha ikafunikwa kwa nailoni, inaweza kuingia kwenye damu na kuleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Usijipake nyumbani krimu uliyonunua mwenyewe ili "ufike tayari". Ipakwe kliniki, mtu akikuangalia.

Macho yangu yatakingwaje?

Ukitibiwa karibu na kope, huwekwa ngao za chuma juu ya mboni, chini ya kope, baada ya matone ya ganzi. Kwa maeneo mengine, miwani maalumu iliyofungwa pande zote. Kila aliyemo chumbani anavaa miwani inayolingana na wimbi la leza hiyo. Ukimwona mhudumu anapiga leza bila miwani, simama uondoke.

## Kupona

Nitarudi kazini lini?

Leza ya vitundu isiyoondoa tabaka: wekundu na uvimbe siku 2 hadi 4, kisha ngozi hukwaruza na kubanduka kidogo. Ya vitundu inayoondoa tabaka: siku 4 hadi 7 hivi kabla ya ngozi kujifunga usoni. Ya uso mzima kwa kaboni dioksidi: ngozi hubaki mbichi na inatoa majimaji kwa siku 7 hadi 10, wakati mwingine wiki mbili, na wekundu unaofifia polepole unaweza kuchukua miezi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana zaidi kama uzambarau au weusi uliokoza.

Shingo huchelewa kuliko uso katika zote.

Nioshe na kupaka nini?

Siku za mwanzo ni maji safi au maji ya chumvi ya hospitali, kwa mkono msafi, mara kadhaa kwa siku, kisha mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Ndiyo, yale ya kawaida. Ngozi mbichi haina ukuta wa kuchuja kitu, na vitu ambavyo kwa kawaida havikusumbui vinaweza kuiwasha vibaya: manukato, mafuta ya mimea, hata baadhi ya krimu za antibiotiki kama neomaisini. Aloe vera ya shambani, asali, limau na mchanganyiko wa jirani vikae mbali.

Ganda lisibanduliwe. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili siku chache za kwanza ili uvimbe upungue.

Dalili zipi zinanitaka nipige simu leo?

Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili badala ya kupungua. Usaha au majimaji ya njano yenye harufu. Malengelenge au vidonda vidogo vinavyofanana kwa ukubwa na vinavyouma. Homa. Kuwasha kukali na vipele vyeupe vyenye wekundu pembeni, vinavyoweza kuwa fangasi. Na sehemu moja iliyobaki nyekundu sana na ngumu wakati kwingine kumetulia: hiyo ndiyo dalili ya mapema ya kovu, na kovu likikamatwa mapema lina tiba. Usingoje tarehe ya kliniki kwa lolote kati ya haya.

Vidoto vyeupe vilivyotokea wiki chache baadaye ni nini?

Mara nyingi ni tezi zilizozibwa na ngozi mpya au na mafuta unayopaka. Huisha zenyewe au hutolewa na daktari. Usivibinye.

Krimu ya jua ianze lini, na ipi?

Mpaka ngozi ijifunge, kinga yako ni kivuli na kofia pana. Baada ya hapo ni krimu inayozuia UVA na UVB, SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi, kila asubuhi, na kurudia kila saa 2 ukiwa nje. SPF 30 ikipakwa kwa kiasi cha kutosha huzuia karibu asilimia 97 ya UVB. Wengi hupaka kidogo mno wakapata kinga ndogo zaidi ya iliyoandikwa. Zenye zinki oksidi au titani dioksidi huwasha ngozi mpya mara chache zaidi.

Kwa ngozi ya kahawia na nyeusi chagua yenye rangi, iliyotiwa oksidi za chuma. Mwanga wa kawaida unaoonekana nao huchochea weusi, na krimu nyingi zisizo na rangi hazizuii huo.

## Shingo

Kwa nini shingo yangu inapigwa kwa nguvu ndogo kuliko uso?

Ngozi iliyochubuliwa hujijenga upya kutoka kwenye mashina ya nywele na tezi za mafuta, ambako zimehifadhiwa seli za kuanzisha tabaka jipya. Uso umejaa vitu hivyo. Shingo inavyo vichache sana, na ngozi yake ni nyembamba, tena inakunjwa na kunyooshwa mchana kutwa. Nguvu inayompa mtu matokeo mazuri shavuni inaweza kumwachia shingoni makovu ya mistari iliyovimba. Kwa hiyo nishati hupunguzwa, vitundu vinakuwa haba, na vipindi huongezwa. Leza ya kaboni dioksidi ya kuondoa tabaka lote bila kuacha nafasi haifai shingoni.

Anayekupigia uso na shingo kwa mpangilio mmoja wa mashine, bila kugusa vitufe katikati, ni wa kuogopwa. Swali hili muulize kabla: "Shingoni unabadilisha nini?" Jibu lake litakuonyesha anajua nini.

Shingo yangu ina wekundu na ukahawia pande mbili, lakini chini ya kidevu ni safi. Leza gani inafaa?

Hiyo sehemu safi ni kivuli cha kidevu chako, na mchoro huo ni maarufu sana kwa madaktari wa ngozi. Huitwa poikiloderma ya Civatte. Ndani yake kuna mambo matatu pamoja: vishipa vilivyopanuka, rangi iliyozidi na ngozi iliyokonda. Leza inayonyonywa na maji peke yake haishiki wekundu. Hapo hutumika leza inayolenga vishipa vya damu au IPL, kwa nguvu ya chini, na leza ya vitundu isiyoondoa tabaka kwa rangi na ulaini. Manukato yanayopuliziwa shingoni kisha yakapigwa jua yanahusishwa na hali hii pia, hivyo yapulizie kwenye nguo.

## Kuchagua mtoa huduma

Kwa nini bei zinatofautiana mno?

Kwa sababu neno "leza" linafunika mashine tofauti, kina tofauti na watu tofauti. Uliza kama bei inajumuisha eneo la majaribio, ganzi, dawa, na miadi ya kufuatilia, na kama ni ya kipindi kimoja au vyote. Bei ndogo isiyo na ufuatiliaji inaweza kuwa ghali kuliko zote, siku unapohitaji mtu wa kukutazama na simu haipokelewi.

Vifaa vya leza vya nyumbani vinasaidia?

Kidogo. Nguvu yake imepunguzwa ili mtu asijiunguze, na matokeo yamepungua pamoja nayo. Kasoro yake kubwa ni kwamba hakuna anayekagua madoa kabla hujayapiga.

## Hali za pekee

Ngozi yangu imekuwa nyeusi zaidi baada ya leza. Nifanye nini?

Kwanza usipigwe leza nyingine juu yake ili "kurekebisha". Weusi huu mara nyingi hufifia wenyewe kwa miezi, na huharakishwa na krimu ya jua yenye rangi, asidi ya azelaiki, haidrokwinoni au tretinoini, kwa maelekezo ya daktari na baada ya ngozi kujifunga. Jua la mchana mmoja linaweza kurudisha nyuma kazi ya wiki nyingi.

Imekuwa nyeupe kuliko mwanzo, na imepita karibu mwaka. Je, itarudi?

Kufifia kwa rangi kunakochelewa, kunakoonekana miezi 6 hadi 12 au zaidi baadaye, ni athari inayojulikana hasa ya leza ya kaboni dioksidi ya uso mzima. Ni ngumu kutibu na mara nyingi ni ya kudumu. Zipo mbinu za kujaribu kuamsha rangi, na vipodozi vya kufunika. Lakini hili ni jambo la kuambiwa kabla ya kutia sahihi fomu.

Leza hii itaondoa ndevu zangu?

La. Inalenga maji, na leza za kuondoa nywele zinalenga melanini ya shina la nywele. Ndevu zitaota. Nyoa taratibu kabla ya kutibiwa, kisha usiguse wembe mpaka ngozi ijifunge.

Nina ualbino, na jua limenidhuru sana. Leza inaweza kunisaidia?

Leza zinazonyonywa na maji hazihitaji melanini ili zifanye kazi, kwa hiyo kiufundi inawezekana. Lakini kipaumbele chako ni kingine: kukaguliwa ngozi yote mara kwa mara na kutibu mapema mabaka yanayoelekea kwenye saratani, kwa kugandishwa kwa naitrojeni, krimu ya fluorourasili au upasuaji mdogo. Kidonda chochote usoni, sikioni au shingoni kisichopona kinahitaji kukatwa kipande na kupimwa maabara, kwa haraka. Mambo ya kulainisha mikunjo yatasubiri, na yafanywe na daktari yuleyule anayefuatilia saratani.

Niliwahi kutibiwa kwa mionzi shingoni. Naweza kufanyiwa leza hapo?

Mionzi huua mashina ya nywele na tezi zilezile ambazo ngozi huzitegemea kujijenga upya (tazama swali la nguvu ya leza shingoni). Ukiondoa tabaka la juu pale, jeraha linaweza kukaa bila kujifunga. Leza za kuondoa tabaka zinaepukwa kwenye eneo lililopigwa mionzi, na hata zile laini zinahitaji ruhusa ya daktari aliyekutibu saratani. Njia rahisi ya kukadiria, kabla hujaenda kumwona: tazama kama eneo hilo linaota nywele. Kama halioti, mwambie hivyo mwanzoni mwa mazungumzo.